Stendi ya baiskeli iliyoanguka: kuunda ya mbao itakayosimama

Swali: Nina kibanda cha kutengeneza baiskeli hapa Uyole, Mbeya. Miaka yote nimekuwa nikizigeuza baiskeli magurudumu juu na kuinama, na sasa mgongo umeanza kunisumbua. Mwezi uliopita nilimpa mchomeleaji bomba la inchi moja na nusu, akalisimamisha juu ya ringi ya gari dogo na kuliwekea mkono wa sentimita 30 wenye kishikio. Baiskeli ilikaa vizuri, lakini nilipoikandamiza spana kwenye pedeli stendi yote ililala upande na usukani wa mteja ukapinda. Je, niongeze uzito chini, au nitengeneze nyingine ya mbao? Na niishike baiskeli wapi ili fremu isibonyee? Wateja wangu wengi wana baiskeli za inchi 28, wachache wana za gia.

Jibu: Pole, ndugu yangu, kwa hasara hiyo na kwa aibu ya kumweleza mteja. Ninakushauri utengeneze ya mbao, lakini kabla ya kushika msumeno ni lazima tuelewane kwa nini ile ya chuma ilianguka, kwa sababu ukiunda ya mbao kwa umbo lile lile nayo itaanguka vivyo hivyo.

Ringi ya gari dogo ina upana wa takribani sentimita 40, kwa hiyo kutoka katikati ya nguzo hadi ukingoni ni sentimita 20 tu. Mkono wako una sentimita 30, maana yake baiskeli ilikuwa inaning'inia sentimita 10 nje ya kitako. Baiskeli ya inchi 28 yenye keria na madigadi huwa na kilo ishirini na kitu, tuchukue 22. Kilo 22 zikizidishwa kwa sentimita 10 ni 220, na hiyo ndiyo nguvu iliyokuwa ikiivuta stendi ilale. Ringi na bomba, tukisema vilikuwa na kilo 15, vilikuwa vikiirudisha nyuma kwa 15 mara 20, yaani 300. Ndiyo maana ilisimama. Akiba uliyobaki nayo ilikuwa 80. Sasa pedeli ya upande wako iko karibu sentimita 20 nje ya mstari wa fremu, kwa hiyo iko sentimita 30 nje ya ukingo wa ringi, na ukigawa 80 kwa 30 unapata pungufu ya kilo tatu. Mkono wa mtu anayefungua pedeli hukandamiza kwa kilo thelathini bila yeye kujua. Stendi yako haikuwa na uwezo wa kubeba hata kumi kwa mia ya kazi uliyoipa.

Ukitaka kuiponya kwa uzito, hesabu hiyo hiyo inakuonyesha gharama yake: ili ikubali kilo 30 kwenye pedeli ingehitaji kitako cha kilo 56 hivi, ambacho utalazimika kukiburuta kila asubuhi na kila jioni. Upana hauna gharama hiyo. Kanuni ninayoifuata mimi ni kwamba kila mahali ambapo baiskeli inaning'inia, na kila mahali ambapo mkono wako utakandamiza, pawe ndani ya nyayo za stendi na si nje yake. Stendi nyepesi iliyopanuka mbele itakushinda nguvu. Stendi nzito iliyosimama kwenye duara dogo utaiangusha kwa mkono mmoja.

Nyayo hizo ziwe tatu. Sakafu za vibanda vyetu ni udongo ulioshindiliwa, na kitako chenye nyayo nne juu ya udongo daima huwa na mguu mmoja unaoelea, ndipo kila ukikaza nati stendi inacheza. Kinachokaa juu ya sehemu tatu hakichezi, hata ardhi iwe na mabonde, na mama zetu waliopanga mafiga wanalijua hilo kuliko sisi mafundi.

Ninapendelea mbao kwa sababu ya mahali ulipo. Mbao za msindano, au paini kama wengi wanavyoziita, zinashuka kutoka Mufindi, ambako kuna shamba la Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini, na pia kutoka Njombe na Makete. Hakuna mji wa nyanda hizi usiokuwa na yadi ya mbao. Utahitaji mbili kwa nne za futi 12 vipande viwili na mbili kwa mbili ya futi 12 kipande kimoja, pamoja na vipande viwili vifupi vya mbao ngumu, ambavyo seremala wa fanicha anaweza kukupa katika mabaki ya mninga au mkongo. Usichukue mbao mbichi. Msindano uliopasuliwa wiki iliyopita bado una maji, na ukikauka ukiwa umeshafungwa bolti utajipinda na kulegea. Zilaze kivulini juu ya vijiti, hewa ipite chini na juu, uzisubiri wiki kadhaa. Ukiwa na haraka, lipa zaidi kidogo ununue zilizokwisha kukauka. Na kama utauziwa zile zilizotiwa dawa zenye rangi ya kijani, zinafaa kwa kitako kwa kuwa mchwa hawazigusi, lakini mabaki yake yasipelekwe jikoni kuwa kuni. Dawa inayotumika sana kuzipa rangi ile ina arseniki, na moshi wake na majivu yake ni sumu.

Sasa umbo lenyewe. Kata vipande viwili vya sentimita 150 kutoka ubao wa kwanza. Hizi ndizo nguzo, nazo zitasimama sambamba zikiwa zimeachana kwa unene wa ubao mmoja. Kutoka ubao wa pili kata uti wa chini wa sentimita 105, boriti ya mbele ya sentimita 110 na mkono wa sentimita 70. Uti wa chini unasimama kwa ubavu wake mwembamba na kupita katikati ya nguzo mbili, sentimita 60 zikielekea mbele, upande utakaosimama wewe, na 45 zikielekea nyuma. Boriti ya mbele inalala bapa chini ya ncha ya mbele ya uti na kukatisha kama herufi T, nusu kulia na nusu kushoto. Chini ya ncha ya nyuma pigilia kipande kifupi chenye unene sawa na boriti. Hapo tayari una nyayo tatu: ncha mbili za boriti na kisigino cha nyuma. Mkono unapita juu, nao ukiwa kati ya nguzo mbili, ukitokeza mbele sentimita 35. Kipande kinachobaki nyuma usikikate, kwa maana hapo utatundika spana na pampu, na uzito wake utakusaidia.

Vipimo hivi sikuvikisia. Baiskeli itaning'inia sentimita 35 mbele ya nguzo, na pedeli ya upande wako itafika sentimita 55. Boriti iko pale pale ilipo pedeli. Ukikandamiza spana, nguvu inashuka juu ya boriti na haina pa kuiangushia stendi, na ukikanyaga boriti kwa mguu mmoja, jambo ambalo mwili utalifanya wenyewe baada ya siku mbili, stendi inakuwa kama imezikwa. Mkono nao usipungue sentimita 35, kwa sababu pedeli ya upande wa pili inazunguka karibu sana na nguzo. Niliwahi kuunda wenye sentimita 25 ili kuokoa ubao, na kila nilipozungusha mnyororo pedeli iligonga mbao.

Pima nafasi kati ya nguzo kwa kufuata unene wa ubao ulio nao mkononi, si kwa jina lake. Mbili kwa nne ya leo ikikauka na kupigwa randa haifiki inchi mbili wala nne. Weka kipande cha uti chini, kipande cha mkono juu, na vibanzi viwili vya unene huo huo katikati, kisha funga kwa bolti za milimita 12 zinazopenya mbao zote tatu, na washa pana pande zote mbili. Misumari peke yake isikuhadae. Inashika wiki ya kwanza, halafu inaanza kutafuna tundu lake kwa sababu stendi hii inatikiswa kila siku. Kwa ajili ya mkono toboa matundu ya jozi tatu kwenye nguzo, yakipishana kwa sentimita 10, ili katikati ya mkono pawe na kimo cha sentimita 115, 125 au 135 kutoka chini. Baiskeli nyepesi za gia utaziweka juu kabisa, pedeli zikawa karibu na kiuno chako. Ile ya inchi 28 huna sababu ya kuinyanyua juu namna hiyo. Tundu la katikati linatosha, na kama ni ile ya kubebea mahindi au mkaa, iliyoongezewa vyuma kwenye keria na foku, tumia la chini kabisa na umwombe mteja akushikie wakati wa kuipandisha.

Mihimili ya mshazari ndiyo kazi ambayo mafundi wengi huiharakisha, ilhali bila hiyo nguzo itayumba hata kitako kiwe imara kiasi gani. Miwili inatoka karibu na ncha za boriti na kupanda hadi kwenye nguzo kwa kimo cha sentimita 50, mmoja kulia na mmoja kushoto. Wa tatu unatoka kwenye kisigino cha nyuma na kufika kimo hicho hicho. Inakuwa kama kigoda cha miguu mitatu kilichoivaa nguzo katikati. Magurudumu hayaigusi, kwa sababu pale chini ya baiskeli mihimili ya mbele imeshashuka hadi kama sentimita 20 kutoka ardhini. Ile miwili ya mbele ina mkato wa pembe mbili kwa pamoja, na hapo usihangaike na kipimo cha karatasi: kata mbili kwa mbili kwa urefu wa sentimita 95, iegemeze mahali pake hasa, chora kwa penseli kwa kufuata uso wa nguzo na uso wa boriti, halafu kata mstari ulioona kwa macho. Ukikosea mmoja, fupisha yote mitatu na ushushe kimo kidogo, hakuna kitakachoharibika.

Nimefika kwenye kishikio, na hapa ndipo swali lako la fremu lilipo. Usishike fremu. Mabomba ya fremu ni membamba kuliko yanavyoonekana, na yale ya aluminiamu kwenye baiskeli nyingi za gia ni membamba zaidi katikati kuliko kwenye maungio, kwa makusudi ya kupunguza uzito. Niliwahi kulibonyeza bomba la juu la baiskeli ya mteja kwa kishikio cha chuma nilichodhani nimekikaza kidogo tu, na bomba la aluminiamu likishabonyea halirudi. Shika bomba la kiti, lile linaloingia ndani ya fremu. Ni nene, ni la mviringo, halina waya wala breki ya fito inayopita juu yake, na hata likichubuka hubadilishwa kwa gharama ndogo. Kwenye baiskeli zako za inchi 28 mara nyingi kiti kimeshushwa mpaka chini, kwa hiyo itabidi ulegeze nati na kukipandisha hadi upate nafasi ya sentimita saba, ukihakikisha kwamba urefu usiopungua huo umebaki ndani ya fremu, au kwamba hujavuka alama ya mwisho kama bomba lina alama. Kabla ya kukipandisha, zungushia utepe mahali kilipokuwa. Mteja anayeondoka na kiti kilichopanda inchi moja atahisi magoti yake hayako sawa na hatajua ni kwa nini.

Kishikio kiwe taya mbili za ile mbao ngumu, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 20, kimo cha saba na unene wa nne. Taya ya ndani inakaa bapa kwenye ncha ya mkono, ikikatisha, na taya ya nje inaifuata mbele yake. Kwenye kila moja chonga mfereji wa umbo la V katikati, wenye kina cha sentimita mbili na upana wa nne mdomoni. Wengi hutoboa tundu la mviringo, ambalo linalifaa bomba moja tu; mfereji wa V unalishika bomba la kiti la milimita 25.4 la baiskeli za zamani, na lile la 27.2, na hata lililo nene kuliko hayo, kwa sababu unaligusa pande nne bila kujali unene wake. Tena V inakatwa kwa msumeno wa mkono na patasi, bila mashine.

Mfereji huo usiwe wima. Bomba la kiti limelala kuelekea nyuma, zaidi kwenye baiskeli za inchi 28 kuliko za gia, na ukilishika kwa mfereji ulio wima baiskeli itainamisha kichwa. Ulaze kwa nyuzi 20 hivi kutoka wima. Baiskeli utaipandisha upande wa mnyororo ukiwa kwako, gurudumu la mbele likiwa kulia kwako, kwa hiyo juu ya mfereji paelekee kushoto. Chora kwanza taya zikiwa zimesimama pamoja kama zitakavyofanya kazi, la sivyo utachonga miwili inayopishana kama mkasi. Kosa hili limewapotezea watu mninga mzuri.

Ndani ya mifereji gundisha mpira wa tyubu kuukuu, tabaka mbili, kwa ile solisheni ya viraka. Ncha ya kushoto ya taya uziunge kwa bawaba imara ya mlango, ukiacha mwanya mdogo ili taya zisikutane kabla ya kulibana bomba; ncha ya kulia ipite bolti ya milimita 10 yenye nati ya masikio. Tundu la bolti kwenye taya ya nje lipasue hadi ukingoni liwe mkato ulio wazi, hivyo ukilegeza nati mizunguko michache bolti inaponyoka na taya inafunguka kama mlango, nawe mkono wa kushoto bado umeibeba baiskeli. Kaza kwa vidole tu. Kama unaona baiskeli inazunguka ndani ya taya, ongeza mpira; usichukue koleo.

Taya ya ndani isifungwe kwenye ncha ya mkono kwa skrubu zinazoingia kwenye kichwa cha ubao. Nyuzi za mbao upande huo haziishiki skrubu, zinachomoka kama msumari kwenye mgomba. Mwambie yule mchomeleaji wako akukatie vipande viwili vya chuma cha engo cha inchi mbili, urefu wa sentimita saba, avitoboe, nawe uvifunge kulia na kushoto mwa mkono kwa bolti zinazopenya. Hiki ndicho chuma pekee ninachokiona cha lazima. Wapo wanaounda stendi nzima kwa mabomba ya maji na viungio vyake vya hesi, nazo zinapendeza, ila baiskeli ikining'inia pembeni inakizungusha kiungio kila siku kidogo, mpaka hesi inalegea na mkono unageuka. Bila kuchomelea au kupiga pini hazidumu.

Kabla ya kupandisha baiskeli ya mtu, tundika kwenye taya madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji, ambayo ni kilo 40, uyaache usiku mzima. Asubuhi tazama kama mkono umeinama na kama mihimili imeachana na nguzo. Kaza bolti zote, kisha zikaze tena baada ya mwezi mmoja, na tena masika yatakapoisha, kwa sababu mbao huvimba kuanzia Novemba na kusinyaa kiangazi. Chini ya nyayo pigilia vipande vya tairi kuukuu, na kitako chote ukipake oili chafu mara mbili kama mbao hazikutiwa dawa.

Hata stendi ikiwa imara namna gani, zipo kazi ambazo hazifanyiki juu yake. Pedeli iliyoshika kutu, na friwili (yale meno ya mnyororo kwenye gurudumu la nyuma) ambayo haijafunguliwa miaka mitano, zilegeze kwanza magurudumu yakiwa chini, ndipo uipandishe baiskeli kumalizia. Na ukumbuke kwamba pedeli ya kushoto hesi yake ni ya kinyume. Pini za kranki, yaani mikono ya pedeli, za baiskeli za inchi 28 usizigonge nyundo baiskeli ikiwa imening'inia, kwa kuwa pigo halifiki kwenye pini, linapotelea kwenye taya na kwenye gololi. Teremsha baiskeli, simamisha kipande cha bomba chini ya kranki kikiwa kimekaa sakafuni, kisha piga mara moja kwa uhakika. Usukani unaocheza ovyo ufunge kwa utepe wa tyubu kutoka gurudumu la mbele hadi bomba la chini la fremu.

Ile ringi na bomba lake usiviuze chuma chakavu. Kata bomba libaki sentimita 60, tafuta foku kuukuu iliyonyooka, mchomeleaji aisimamishe juu ya bomba ikiwa imegeuzwa, miguu juu. Gurudumu tupu halifiki hata kilo nne, nalo linakaa katikati kabisa ya ringi, kwa hiyo kitako kile kitalitosha, nawe utakuwa na mahali pa kunyoosha ringi za wateja ukiwa umekaa kwenye kigoda.